Nani Alipie Ulinzi wa Mwanamfalme Aliyehama?

Mwanamfalme Harry na mkewe Meghan walipotangaza Januari 2020 kwamba wanajiondoa katika majukumu ya juu ya familia ya kifalme ya Uingereza, walikuwa wameshakaa kwa muda katika kisiwa cha Vancouver, Kanada, wakilindwa na polisi wa shirikisho wa nchi hiyo kwa ombi la polisi wa London. Wakanada wengi wakahoji kwa nini kodi yao iwalinde watu waliosema wazi kuwa wanataka kujitegemea. Mwishoni mwa Februari serikali yao ikatangaza kwamba ulinzi huo utakoma ndani ya wiki chache, kwa kuwa hadhi ya wawili hao imebadilika.

Hoja ya walipakodi ina uzito. Ulinzi wa aina hii ni askari wenye silaha wanaopokezana zamu usiku na mchana, na wengine wanaotangulia kukagua kila mahali anapofikia mlindwa. Kila safari ina nauli, hoteli, posho na malipo ya saa za ziada, na kila askari aliyepangwa huko ameondolewa kwenye kazi nyingine ya polisi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1973 kuhusu watu wenye kinga ya kimataifa unawahusu wakuu wa nchi, mawaziri wa mambo ya nje na wawakilishi rasmi wa serikali. Mtu aliyehamia ughaibuni kwa hiari yake ili afanye shughuli zake binafsi hayumo. Ni kweli kwamba Malkia Elizabeth alikuwa pia mkuu wa nchi ya Kanada, lakini ujukuu si wadhifa.

Hata hivyo, kuishia hapo ni kumwonea. Sehemu kubwa ya hatari inayomwandama Harry alizaliwa nayo, na nyingine aliipata akilitumikia taifa, kwani alipelekwa vitani Afghanistan mara mbili. Mwaka 2022, Neil Basu, aliyekuwa ameongoza polisi wa kupambana na ugaidi Uingereza, alisema vitisho dhidi ya Meghan vilikuwa vya kweli na kwamba kuna watu walioshtakiwa kwa sababu ya vitisho hivyo. Msomaji wa pwani yetu atamkumbuka Sultani Jamshid bin Abdullah, aliyepinduliwa Zanzibar Januari 1964, kisha akaishi miongo mingi kwa utulivu huko Southsea, mjini Portsmouth. Yeye alikuwa ametawala, jambo ambalo Harry hajawahi kulifanya, lakini hatari haifuati cheo. Inafuata jinsi mtu anavyojulikana na chuki iliyomzunguka.

Kwa hiyo, kwangu mimi, swali zito zaidi ni nani anayeipima hatari hiyo, na kwa utaratibu gani. Februari 2020 kamati ya serikali ya Uingereza inayoitwa RAVEC iliamua kwamba Harry akizuru nchi hiyo hatapewa tena ulinzi ule ule, bali kila safari itaangaliwa peke yake, naye atoe taarifa siku 28 kabla. Harry aliupinga uamuzi huo mahakamani, akashindwa Mahakama Kuu Februari 2024, akashindwa tena Mahakama ya Rufani Mei 2025. Alitaka pia kuwalipa polisi kutoka mfukoni mwake, kwa kuwa walinzi binafsi Uingereza hawaruhusiwi kubeba bunduki. Mwaka 2023 mahakama ilimkatalia kufungua shauri juu ya hilo, na nadhani ilifanya vyema: askari wa umma wasikodishwe kwa mwenye fedha. Lakini mawakili wake walilalamika kwamba kamati iliamua bila kupata tathmini ya bodi yake yenyewe ya wataalamu wa hatari. Majaji waliona kamati ilikuwa na sababu za kufanya hivyo. Mimi naona uamuzi unaweza kuwa halali na bado ukawa umeruka hatua ambayo mtu yeyote mwenye maisha yake hatarini angestahili.

Walipakodi nao wamenyimwa haki yao. Ruzuku ya mwaka ya familia ya kifalme haijumuishi ulinzi, na serikali haichapishi gharama zake kwa madai kwamba takwimu zitawasaidia wahalifu. Kwa mtu mmoja mmoja, nakubali. Jumla ya mwaka kwa familia nzima, lakini, haimwonyeshi mhalifu askari wangapi wamesimama mlango upi, na hakuna sababu ya msingi ya Bunge kutoidai.