Pea Moja, Wateja Watatu

Jamani, mwenzenu nauza viatu vya kike. Ukiniona kwa nje utasema huyu mambo yake safi. Fremu ninayo Kariakoo, mtaa wa Mchikichi. Instagram ipo, WhatsApp ipo, na Ijumaa usiku tunaingia laivu TikTok, mke wangu anapiga kelele, mimi nimeshika taa. Biashara imekua. Ila biashara ikikua nayo inaanza kukuuliza maswali, kama mtoto.

Swali la kwanza lilikuja Jumamosi moja, saa nane mchana. Kuna kiatu cha rangi ya damu ya mzee, kisigino kifupi, saizi 39, imebaki pea moja. Binti wa Instagram kaiuza kwa mama wa Mwanza, pesa imeshaingia na ya kutolea juu. Mke wangu huko WhatsApp kaiuza kwa dada wa Mbezi, boda keshatumwa. Nafika dukani, mteja wa tatu kakaa kwenye kigoda, mguu mmoja umo ndani ya kiatu, anajigeuza geuza kwenye kioo. Namwambia, "Dada samahani, hicho kimeshauzwa." Akaniangalia kuanzia kipara mpaka kandambili.

"Kimeuzwaje na mimi nimekivaa?"

Hadi leo sina jibu.

Usiku tukakaa kutafuta mchawi. Mauzo ya dukani yamo kwenye kaunta buku. Ya WhatsApp yamo kichwani kwa mke wangu. Ya Instagram yamo kwenye simu ya binti, na simu ya binti ina chaji asilimia 4. Shemeji yangu, ana ofisi yake Posta, akasema, "Shem, wewe unahitaji programu ya stoo." Alivyolitamka utadhani daktari anakwambia unahitaji miwani.

Nikaanza kuulizia. Usiulizie programu Kariakoo, utapewa ushauri kama mwenye kikohozi. Fundi simu wa jirani anasema chukua Loyverse, ya kuuzia dukani ni bure. Kweli ni bure, ila ukitaka mambo ya stoo yenyewe, oda za manunuzi na kuhesabu mzigo, hapo unatoa hela. Kijana mmoja wa kompyuta anasema Odoo, ile toleo la wazi hulipi hata senti. Nikachangamka. "Ila inataka sava," akaongeza, "na mtu wa kuifunga na kuiangalia." Mtu gani? Akainamisha macho kwa unyenyekevu. Bei yake nayo akaitaja kwa unyenyekevu, mimi ndiye niliyepiga ukunga.

Kampuni nyingine ya ng'ambo, jina nalihifadhi, ikaniwekea kikao cha video. Dada anatabasamu mwanzo mwisho. Anauliza nina maghala mangapi. Nikasema matatu: dukani, chumba cha Tabata, na uvungu wa kitanda. Akaandika. Akauliza ndani ya ghala la tatu mzigo unakaa sehemu gani. Nikasema upande wa mke wangu, upande wangu kuna feni mbovu. Akaandika na hiyo. Kisha akanitajia masoko ambayo programu yake inaunganishwa nayo: Amazon, eBay, Shopify, mpaka Jumia. Nikamwambia Jumia walishafunga Tanzania, Novemba 2019. Akatabasamu tu.

Nikauliza, je, inaongea na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi? Akasema, "EFD ndiyo nini?" Basi hapo ujue kila mauzo utayaandika mara mbili, mara moja kwao na mara moja kwenye mashine ya TRA.

Lakini kilichotushinda kuelewana ni "niwekee."

Hizi programu zimetengenezewa mteja anayebonyeza, analipa, anaenda zake. Mteja wangu kwanza anaandika "bei?" chini ya picha iliyoandikwa bei. Ukimjibu anakwambia "ya mwisho?" Mkishakubaliana anaandika: "Niwekee." Sasa niwekee ni kitu gani kihesabu? Si mauzo, hela hujaiona. Si mzigo uliopo, maana ukimuuzia mwingine utasemwa mpaka kwenye vikoba. Dada wa video akanionyesha, kumbe mahali pake papo: unautenga mzigo, unaweka na siku ya kuuachia. "Kwa kawaida wateja wenu wanawekewa siku ngapi?" Nikamwambia mpaka mshahara utoke. "Mshahara unatoka lini?" Nikamwambia dada yangu, hilo waulize waajiri.

Nina niwekee moja tangu kabla ya Ramadhani. Kiatu hicho sasa nimekizoea, nikikifuta vumbi nakisalimia.

Haya, bei. Kwa dola, kwa mwezi, kwa kila mtumiaji. Sisi wanne. Mwenye akili za Kariakoo unasema nalipia mmoja, nywila tunagawana. Tulijaribu hivyo ndani ya zile siku 14 za bure. Matokeo yake kila kitu kimeuzwa na mimi. Punguzo la shilingi 10,000 nimetoa mimi. Saa tatu usiku, nimelala nakoroma, nimeuza sendozi nne. Binti wa Instagram anakodoa macho dirishani, hajui lolote.

Na kuingiza mzigo wenyewe! Nina mitindo 60, kila mtindo rangi 4, kila rangi saizi sita, 36 mpaka 41. Pigeni wenyewe: mistari 1,440. Tulipoteza wiki nzima. Tulipomaliza, programu ikasema tuna rangi 11. Nikashangaa, mzigo wa Guangzhou ulikuja na rangi nne tu. Kumbe rangi moja mke wangu kaiandika maziwa, binti wa Instagram kaiandika krimu, dada wa dukani kaandika "ile ya bibi harusi." Kiatu kimoja, kwenye mashine ni viatu vitatu, na vyote vitatu vinaonyesha vimekwisha.

Halafu nikafungua boksi la 38 nyeusi, pea 1 kwenye programu, nikakuta miguu miwili yote ya kushoto. Programu haijui kushoto, jamani. Yenyewe inahesabu boksi. Kuna mtu huko Mwanza au Mbeya ana miguu miwili ya kulia na hajapiga simu, nami namshukuru kimyakimya.

Mwishowe nilichukua ya kawaida tu. Inakaa kwenye simu, mtandao ukikata inaandika, ukirudi inatuma, inakubali niwekee, na inalipiwa kwa shilingi. Kila mtu na nywila yake. Binti alinuna siku mbili.

Jana ndiyo tulikuwa tunahesabu mzigo kwa mara ya kwanza. Mlango tumeshusha, umeme umekatika, mke wangu anamulika kwa tochi ya simu, mimi nahesabu maboksi. Programu inasema pea 212 za visigino vifupi. Mkononi 209. Tukarudia. 209. Tatu zimekwenda wapi? Hakuna aliyeuza, hakuna aliyewekewa. Mara simu ya mke wangu ikalia, grupu la ukoo, picha za send-off ya juzi Morogoro. Mama mkwe yuko katikati, amekaa, miguu mbele. Damu ya mzee. Ma'mdogo kulia kwake, damu ya mzee. Ma'mdogo mwingine, damu ya mzee.

Sikusema kitu. Mimi mkwe, nitasema nini?

Nikarudi kwenye programu kurekebisha hesabu. Nayo haikubali hivihivi, inataka sababu ya upungufu, na sababu zenyewe ni tatu tu: imeibiwa, imepotea, imeharibika. Nikaangalia ya kwanza. Nikasikia pumzi begani, tochi imesogea inamulika skrini. Nikabonyeza ya tatu haraka haraka.

"Baba nanihii," akasema taratibu, "nani kaharibika?"