Pelekeni ruzuku kwenye sufuria ya makande

Barua pepe iliingia Alhamisi jioni nikiwa kwenye kosta, natoka Iringa mjini kurudi Mafinga. Mistari sita tu. Waandaaji walitushukuru kwa kushiriki shindano lao la ruzuku za lishe ya vijana na usawa wa afya, wakasifu moyo wetu, kisha wakaandika kwamba andiko letu "halikuonesha ubunifu wa kutosha". Nilishuka kabla ya kituo changu nikamalizia kwa miguu, maana nilijua nikifika nyumbani lazima nimpigie mwenyekiti wa kikundi chetu, mabinti wanaowapikia wanafunzi wa shule ya kata, na sikuwa na maneno.

"Kamwene, dada. Tumepata?"

"Hatujapata, mdogo wangu. Wanasema hakuna ubunifu."

Akanyamaza. Nyuma yake mtoto wake alikuwa analia. Kisha akauliza kwa upole kabisa, bila hata chembe ya hasira: "Dada, huo ubunifu ni kitu gani? Ungetuambia tungeuweka."

Hii ni siku ya nne na swali hilo bado linanikosesha usingizi.

Mnaonisoma siku zote mnawafahamu mabinti hawa. Wako tisa, mkubwa ana miaka 27, mdogo ana 20. Sita kati yao waliacha masomo kwa sababu ya mimba, na wanne waliachia kwenye shule ileile ya kata ambayo leo wanaipikia. Walianza na sufuria ya kuazima kwa kikundi cha kuzikana. Mzazi anatoa debe la mahindi na sado mbili za maharage kwa mwaka, asiyekuwa nayo analeta kuni au anakuja kuchambua. Saa saba mchana wanafunzi 312 wanapata sahani ya makande yenye karanga za kutwanga na majani ya maboga. Siku nyingine kuna parachichi pia. Wanazifuata kwa wakulima, zile ndogo ambazo wanunuzi wa kusafirisha nje wamezikataa, wanazibeba kwa baiskeli, wanazikata nusunusu. Nilipoona jambo hilo mara ya kwanza nilisema hapa kuna watu wanaofikiri. Kwenye andiko nililiandika. Majaji hawakuliona.

Mmoja wa walioshinda ni kikundi chenye wazo la programu ya simu itakayomshauri kijana ale nini ili apate mlo kamili. Sina ugomvi na vijana walioibuni, wamefanya kazi waliyoombwa waifanye. Lakini wanafunzi wa shule yetu hawaruhusiwi simu shuleni, na nyumbani simu ni ya baba, tena ya vitufe. Na hata wangekuwa nazo, hawa watoto wanajua wanachotakiwa kula. Somo la lishe wamelifundishwa tangu shule ya msingi, wanaweza kukuchorea makundi ya vyakula ubaoni kwa rangi. Wanachokosa ni sahani saa saba mchana.

Nilisoma shule ya namna hiyo. Nilitembea saa moja na nusu asubuhi, saa moja na nusu jioni, na katikati hapakuwa na kitu. Kipindi cha hisabati baada ya mapumziko nilikuwa naona namba lakini hazikai kichwani. Mwalimu alidhani mimi ni mvivu, na mimi nikamwamini. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa na njaa tu.

Naomba nieleze kwa nini neno hili ubunifu limenichoma hivi.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Iringa ni karibu 57. Njombe na Rukwa ni karibu 50. Hii ni mikoa inayolisha nchi, mahindi yake yanavuka mpaka, viazi vyake viko kwenye kila sahani ya chipsi Dar es Salaam. Turudi nyuma kidogo: mwaka 2010 waliodumaa nchi nzima walikuwa 42 kati ya 100. Hesabu umri. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mama yake mwaka huo ndiye kijana wa leo, ndiye aliyekaa kidato cha tatu au amemaliza au ameshazaa. Kila ninaposikia mradi wa lishe ya vijana, nawaza hao. Walianza maisha wakidaiwa na miili yao, na sisi tunaanza kuwajali wakiwa wamefika miaka 15. Utafiti huo huo wa 2022 unasema wasichana 22 kati ya 100 wenye miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba, na wanawake 42 kati ya 100 wa umri wa kuzaa wana upungufu wa damu. Binti mwenye damu pungufu anabeba mimba, anajifungua mtoto mdogo, mtoto anaanza palepale mama yake alipoanzia. Mabinti wengi wa kikundi chetu wamepita njia hiyo kwa miguu yao. Kama kuna watu wenye haki ya kuandika juu ya usawa wa afya, ni wao.

Tunajua kinachosaidia, na tumekijua zamani. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Kuna mwongozo wa kitaifa wa chakula shuleni. Mahindi, maharage, karanga, mboga, mafuta kidogo, chumvi yenye madini joto, kila siku ya masomo, mwaka mzima, mwaka unaofuata tena. Hakuna sehemu ngumu kuielewa hapo. Ugumu uko kwenye kila siku. Ugumu uko kwenye kuni zinapolowa, mpishi anapougua, mzazi anaposema elimu ni bila malipo tangu 2016 kwa hiyo mchango wa nini, na binti wa miaka 20 anatakiwa asimame mbele ya wazee kwenye mkutano wa kijiji awaeleze tofauti ya ada na chakula. Alisimama. Alitetemeka, lakini alisimama, na mkutano ukakubali. Kazi hiyo haina safu yake kwenye fomu ya maombi. Fomu iliuliza: "Wazo lako lina upya gani ambao haujawahi kujaribiwa?" Nilikaa mbele ya sanduku lile la maneno 200 saa nzima. Kweli nilitakiwa niandike nini? Makande yamejaribiwa. Yamejaribiwa na bibi zetu, na yanafanya kazi, na hiyo ndiyo sababu ya kuyaombea fedha.

Shindano linapodai upya kila mwaka, linafanya madhara ambayo walioliandaa hawayaoni kwa sababu hawabaki kuyaangalia. Kikundi kilichopika miaka mitatu kinaambiwa kimechakaa. Kikundi kipya kinazaliwa kwa ajili ya fomu, kinapata fedha za miezi 12, kinanunua vifaa, kinapiga picha, mwezi wa 13 kinakufa kwa sababu mfadhili anataka wazo lingine. Nimeona bustani ya viroba kwenye shule moja ya wilaya jirani: viroba vimebaki, mboga hakuna, bango la mradi lipo bado linasomeka vizuri. Watoto wa pale waliahidiwa kitu, kikaja, kikaondoka, na safari nyingine mtu akija na ahadi wazazi hawatatoa hata kuni. Hasara hiyo inabaki kwa wapishi, tena inabaki kwa miaka.

Sasa, nikubali jambo ambalo nisingependa kulikubali nikiwa na hasira hii. Tuzo zimewahi kufanya kazi. Wawira Njiru wa Kenya alipewa tuzo ya vijana ya Global Citizen na Cisco mwaka 2018, dola 250,000, na shirika lake la kulisha wanafunzi, Food4Education, leo linalisha watoto wengi mno. Nairobi ilipoanzisha mpango wa chakula shuleni wa Dishi na County mwaka 2023 mtoto akawa analipia mlo shilingi tano za Kenya. Wanayo hata teknolojia, mtoto anagusisha bangili mkononi anapewa sahani. Nakubali. Ila angalieni mpangilio wa miaka. Alianza Ruiru mwaka 2012, kwa kulisha watoto 25. Tuzo ilimkuta ana miaka sita ya sufuria. Bangili ilikuja kutatua shida ya jiko ambalo tayari lilikuwa linawaka. Robert Mwanga wa Uganda naye, aliyegawana na wenzake watatu Tuzo ya Chakula Duniani ya 2016, alikuwa ametumia miaka mingi kuchagua na kuzalisha mbegu za viazi vitamu vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, viazi ambavyo huku kwetu tunaviita viazi lishe. Walimtuza mtu aliyekaa na kitu kimoja mpaka kikakubali. Hapo ndipo nasema tuzo imeona.

Kiingereza cha kuandikia maombi ni kikwazo kingine, na nimeshakilalamikia mpaka nimechoka. Akaunti ya benki yenye hesabu zilizokaguliwa miaka miwili, kwa kikundi kinachotunza fedha kwenye boksi la vikoba, hiyo nayo ifikiriwe.

Kuna watakaoniambia lishe ni kazi ya serikali, niache wafadhili. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe, na viongozi wenyewe wamesema majukwaani kwamba zipo halmashauri ambazo hazitoi zote. Zitoe. Lakini mwanafunzi wa kidato cha tatu hayumo kwenye hiyo elfu moja, na mtu aliyetangaza kwa hiari yake kwamba anatoa ruzuku kwa ajili ya lishe ya vijana amejiweka mwenyewe mbele yetu. Nina haki ya kumuuliza.

Na wale wanaosema Iringa ni shauri ya pombe ya ulanzi na uzembe wa akina mama, njooni muamke na mama saa kumi usiku wakati wa kupalilia. Mtoto anaachwa na bibi au na dada yake wa miaka tisa, anakula asubuhi na jioni. Mahindi mengi yameuzwa yakiwa bado mabichi kulipia sare na deni la mbolea. Wengine bibi ndiye mzazi pekee, kwa sababu ukimwi ulipita mikoa hii ukachukua kizazi cha katikati. Nawaheshimu sana wanawake hao na sitaki kusikia wanatukanwa.

Ninachowaomba waandaaji wa mashindano haya ni kitu kidogo. Njooni Februari. Msije Julai wakati wa mavuno, kila stoo imejaa na kila kikundi kinaonekana imara. Njooni Februari mkae siku mbili, mhesabu sahani, muulize sufuria hii imekaa jikoni miaka mingapi na nani anaosha. Mkikuta watu wanaopika bila kulipwa na watoto wanakula, andikeni hundi, na mwaka unaofuata andikeni tena kwa watu walewale. Kwenye fomu ongezeni swali moja la Kiswahili: "Mmefanya hivi kwa muda gani?" Lipeni alama nyingi kuliko lile la upya.

Tulichoomba kilikuwa magunia 20 ya mahindi, sita ya maharage, jiko sanifu moja la kupunguza kuni, na posho ya wapishi wawili kwa mwaka. Theluthi ya wazazi mwaka huu hawakuweza kutoa debe lao. Juzi Jumamosi tulienda na mwenyekiti kuhesabu stoo kabla shule haijafunguliwa. Kuna magunia kumi. Kwa wanafunzi 312 hayavuki Februari, na mahindi mapya ni Juni. Nilimuuliza watafanyaje Machi. Alisema wataanza kupunguza kipimo mapema, vijiko viwili viwe kimoja na nusu, ili chakula kifike walau Pasaka. Kisha akanionesha daftari ambamo ameandika majina ya wanafunzi 41 wanaotoka mbali kuliko wenzao. "Hawa hatuwapunguzii," akasema.