Gawio Langu la Vita Liko Wapi?

Mche wa sabuni ya kufulia umepanda kwa shilingi mia tano, nami nimearifiwa rasmi, tena na mtu aliyekuwa akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti, kwamba sababu ni Bahari ya Shamu. Naomba nieleweke: sipingi bei kupanda, kwa kuwa mtu wa rika langu anayepinga bei kupanda ni sawa na anayepinga masika. Ninachopinga ni kusomewa taarifa ya habari za dunia kila ninapotoa pochi.

Chapati ya mama ntilie wa kituoni ilianza kusinyaa Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine, na mpaka leo haijarudi ukubwa wake, ingawa ngano ilikwisha kushuka bei katika soko la dunia. Kondakta wa daladala akidaiwa chenji hutaja Mlango wa Hormuz. Fundi viatu wangu, ambaye malighafi yake ni uzi, nta na mate, ameanza kumtaja Donald Trump. Yote hayo nimeyavumilia kama mtu mwenye heshima zake.

Lakini sabuni hii naijua. Inatengenezwa humu humu Dar es Salaam na inafika mtaani kwetu kwa kirikuu. Kwa hiyo nilimkabili Mangi, mwenye duka, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia enzi za ukarani.

“Mangi, sabuni hii imetoka viwandani asubuhi, imepita kwenye foleni kama sisi sote, imefika hapa. Bahari ya Shamu imeingilia wapi?”

“Mzee wangu, sabuni ni mafuta ya mawese. Mawese yanakuja na meli. Meli zinapigwa na Wahouthi, wale wapiganaji wa Yemen.”

“Mawese yanatoka Malaysia na Indonesia.”

“Sasa si ndiko huko huko?”

Ndipo nilipoagiza atlasi. Binti yake wa darasa la sita alikuwa juu ya gunia la mchele akifanya kazi za shule, akaitoa kwa shingo upande. Niliitandaza juu ya kaunta, pembe moja nikaikandamiza kwa jiwe la mizani la kilo, na kwa kidole changu mwenyewe nikaivusha meli kutoka Malaysia, moja kwa moja katika Bahari ya Hindi, hadi bandari ya Dar es Salaam, bila kuukaribia mlango wa Bab el-Mandeb, ambao uko kule juu Yemen kwa wanaoelekea Suez na Ulaya. Nikatamka mbele ya mashahidi kwamba meli yoyote inayotoka Malaysia kuja Dar kwa kupitia Bahari ya Shamu imepotea njia, na nahodha wake anastahili kunyang'anywa leseni.

Mashahidi walikuwa wameshakuwa wengi. Mama mmoja aliyefuata chumvi alisema haoni sababu ya watu kuiogopa bahari hiyo, kwani Musa aliivuka na taifa zima bila kulipa bima. Kijana wa bodaboda akazima pikipiki, akasogea.

“Shikamoo mzee. Lakini mzee unasahau makontena.”

Kisha akanihutubia. Wahouthi walianza kuzishambulia meli za biashara mwezi Novemba 2023, wakidai wanawatetea Wapalestina wa Gaza. Kampuni kubwa zikaziondoa meli zao kwenye Suez na kuzizungusha Rasi ya Tumaini Jema. Safari ikaongezeka siku kumi na zaidi. Meli ikikawia njiani, kontena nalo linakawia, na makontena yakiadimika huko yanaadimika kote, hata kwa mtu asiyewahi kuiona Bahari ya Shamu. Kijana aliyasema hayo huku kofia ngumu imening'inia mkononi, na kumbe ameyasoma kwenye simu akingoja abiria. Nilimjibu kwamba mawese husafirishwa kwenye matangi ya meli, si kwenye makontena. Mangi akadakia kwamba karatasi za kufungia sabuni husafirishwa kwenye makontena. Nikamwonyesha kwamba sabuni yake haina karatasi. Mama wa chumvi akauliza kama bado tuko kwenye chumvi.

Hapo nikachukua mche wenyewe mkononi. Ulikuwa na vumbi la kutosha kuandikia jina, na pembeni palikuwa na alama za meno ya panya, tena si za jana.

“Mangi, mche huu uko rafu hii tangu Krismasi. Panya huyu ameung'ata kwa bei ya zamani. Vita vimeufuata vipi ukiwa umekaa kimya kwenye rafu?”

Mangi aliitupa ile njiti. “Mzee, nikikuuzia kwa bei ya zamani, kesho nikienda Kariakoo nitaununua mwingine kwa hela gani?”

Sikuwa na jibu la kumpa, na hasira yangu ikakosa mahali pa kutua. Mangi ananyanyaswa na muuzaji wa jumla, ambaye ananyanyaswa na mwagizaji, ambaye anapewa ankara na wenye meli, ambao nao wanaonyesha karatasi ya bima kutoka London. Huko London kuna Kamati ya Pamoja ya Vita, na msidhani hao ni majenerali; ni watu wa bima wanaoorodhesha bahari za hatari. Mwanzoni mwa 2024 ada ya ziada ya vita katika Bahari ya Shamu ilifika karibu asilimia moja ya thamani ya meli kwa safari moja tu. Ukiifuata bei ngazi kwa ngazi, kila unayemuuliza amelipishwa na aliye juu yake na hana kosa. Lakini ukifika juu kabisa, unakuta mtu anayetabasamu.

Maersk, wenye meli wa Denmark, walipata faida ya zaidi ya dola bilioni 29 mwaka 2022, wakati dunia nzima ikilia kwa gharama za usafirishaji. Mwaka 2024, meli zikizunguka Rasi, walipandisha makadirio ya faida zao zaidi ya mara moja. Shell, katika mwaka huohuo wa 2022 ambao sisi tulikuwa tukishuka kwenye daladala na kutembea, walipata karibu dola bilioni 40, kiasi ambacho hawakuwahi kukipata katika historia yao ya miaka 115. ExxonMobil, wenzao wa mafuta wa Marekani, walivuka bilioni 55. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, António Guterres, aliuita ulafi huo wa kutisha na akasema faida hizo zinachumwa migongoni mwa maskini. Aliyasema Agosti 2022, na mgongo wangu ukamsikia vizuri, lakini wahusika waliendelea kugawana.

Msinijie juu kwamba hilo ni soko tu. Hata Uingereza, chini ya serikali ya kihafidhina ambayo hakuna aliyewahi kuishuku ujamaa, ilitangaza Mei 2022 kodi ya ziada ya asilimia 25 kwenye faida za wachimbaji wa mafuta na gesi, kwa sababu ilionekana wazi kwamba fedha hizo hazikutokana na akili mpya wala jasho. Kisima ni kilekile, bomba ni lilelile; kilichobadilika ni kwamba watu wanauana mahali fulani. Sifananishi maumivu: mtu wa Gaza analipa kwa nyumba yake na watoto wake, mimi nalipa kwa sabuni. Nasema tu kwamba mabomu yanayomwangukia yana kiwanda, kiwanda kina wanahisa, na wanahisa hawajawahi kuambiwa kwamba gawio la mwaka huu limesinyaa kwa sababu ya hali ya dunia.

Taasisi ya utafiti wa amani ya SIPRI, ya Stockholm, imehesabu kwamba mwaka 2024 dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa mambo ya kijeshi, yaani takriban dola 334 kwa kila kichwa. Nyumbani kwangu tuko vichwa sita, kikiwemo kimoja kisichoweza kushika hata manati. Kwa hesabu hiyo familia yangu ina zaidi ya dola elfu mbili katika vifaru na droni, na mama watoto alipoambiwa aliuliza kama zinaweza kutolewa kwa awamu.

Sasa ikiwa kila vita vikianza mimi nachangishwa, tena dukani, taslimu, bila risiti, basi mimi ni mbia, na mbia ana haki zake. Nimeanza kuandika barua kwa Shell, ambao mwaka 2022 walihamishia makao yao London, nikiwaomba wanifafanulie tarehe ya kulipwa gawio langu na kama wanatuma kwa simu. Nimekwama kwenye salamu. “Ndugu Wanahisa Wenzangu” ina heshima, lakini kijana wa bodaboda, ambaye ameteuliwa mshauri, anasema ina unyonge, na kwamba tuanze na deni moja kwa moja.

Barua ingekwisha jana kama baba mwenye nyumba asingepita kutangaza kwamba kodi inapanda kwa sababu ya Taiwan. Nilimkumbusha, kwa adabu, kwamba Taiwan hakuna vita. Akasema analijua hilo, yeye anachukua tahadhari mapema. Nikamweleza kwamba hata wenye bima wa London, pamoja na roho zao ngumu, kwa desturi humpa mwenye meli notisi ya siku saba kabla ya kumfutia bima ya vita. Amejibu kwamba yeye si London, na kwamba Ijumaa atapita na kitasa kipya.