Lithiamu na damu: hesabu ikipanda, uboho umenufaika?

Mwaka 1949 daktari John Cade wa Australia aliandika kwamba chumvi ya lithiamu inawatuliza wagonjwa wa mania, yaani msisimko wa akili uliopita kiasi. Baadaye likaonekana jambo ambalo hakuna aliyelitafuta: seli nyeupe za wagonjwa hao zinapanda, hasa nyutrofili, zile zinazotangulia kupambana na bakteria. Hata seli changa za CD34, ambamo seli shina za damu (zinazozaa seli nyingine zote za damu) hupatikana, huongezeka kwenye damu.

Wanaoitetea lithiamu kama msaada kwa damu wana hoja nzito. Lithiamu huchochea mwili kutoa G-CSF, kiamsho cha uboho, tena ni vidonge vya bei nafuu. Miaka ya 1970 na 1980 ilijaribiwa kwa wagonjwa wa saratani waliopungukiwa seli nyeupe kwa sababu ya dawa. Sindano za G-CSF zilipoidhinishwa Marekani mwaka 1991, ikasahaulika.

Mimi nasitasita kwenye neno "huongezeka". Lithiamu huzuia kimeng'enya cha GSK-3. Kwa panya walioondolewa kimeng'enya hicho, seli shina huongezeka kwanza, kisha hazina yenyewe hupungua, kwa kuwa zinasukumwa kukomaa badala ya kujihifadhi. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kuwa lithiamu ikiandamana na dawa nyingine, rapamisini, hazina hiyo hutunzwa. Panya si mtu, nakubali; anayemeza lithiamu miaka mingi huandamwa zaidi na figo na tezi ya shingo kuliko uboho.

Mjadala unaotuhusu zaidi ni wa klozapini, dawa ya ugonjwa wa akili wa skizofrenia ambayo mara chache hufyeka nyutrofili. Waafrika wengi wana nyutrofili chache kwa kuzaliwa, bila ugonjwa wowote. Ni urithi uleule wa kundi la damu la Duffy unaowakinga na malaria ya aina ya vivax. Wakipimwa kwa viwango vya Wazungu, wananyimwa dawa. Baadhi ya madaktari huongeza lithiamu ili hesabu ipande, na kweli wapo waliofaidika. Ila lithiamu haizuii klozapini kufyeka nyutrofili, na kiwango chake salama ni chembamba: milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na ikipita 1.5 sumu inaanza.

Mwaka 2015 Marekani ilishusha kiwango cha kuanzia klozapini kwa watu wenye nyutrofili chache kwa kuzaliwa, kutoka nyutrofili 2,000 hadi 1,000 kwa mikrolita. Kwa hiyo kabla ya kumwandikia mgonjwa kidonge cha pili, yaani lithiamu, ningetaka kwanza kuona hesabu zake za damu za zamani, za siku alizokuwa hajagusa dawa yoyote.