Ukaguzi wa wageni wa kikazi hospitalini: kitambulisho hakitoshi

Katika hospitali nyingi za Uganda, mtu aliyekuja kikazi hupita getini kwa kuonyesha kitambulisho cha taifa na kuandika jina katika daftari la askari. Utaratibu huo humjulisha askari jina la mgeni, lakini haumwambii kama fundi anayekwenda kufungua mashine ya usingizi anaijua kazi hiyo, wala kama mwakilishi wa kampuni ya dawa anayeelekea wodini amechanjwa dhidi ya homa ya ini B, ugonjwa ulioenea zaidi kaskazini mwa nchi.

Wanaotaka ukaguzi ukazwe hupenda kutaja mwaka 2021, pale mamia ya watu jijini Kampala walipodungwa maji badala ya chanjo ya UVIKO-19. Mfano huo hauwasaidii sana, kwa kuwa matapeli wale waliwafuata watu kwenye kampuni zao. Hoja yenye uzito ni Ebola ya mwaka 2022, iliyozuka Mubende na kuambukiza wahudumu wa afya 19, ambao saba kati yao walifariki: mlipuko unapotokea, kumbukumbu sahihi ya nani aliingia wodi gani, na saa ngapi, hurahisisha kuwatafuta waliokaribiana na mgonjwa.

Hata hivyo, ukaguzi una gharama, na mara nyingi humwangukia mnyonge. Nchini Marekani, hospitali nyingi huzikabidhi kazi hiyo kampuni binafsi zinazowatoza wageni ada ya kila mwaka, na anayezungukia hospitali kadhaa huweza kulipia zaidi ya mfumo mmoja. Kampuni kubwa ya Kampala itaimudu ada kama hiyo. Fundi anayejitegemea Arua ataacha tu kwenda, na mtambo wa oksijeni ubaki umezimika.

Kwa maoni yangu, kipimo kiwe kile ambacho mgeni anakuja kukigusa. Anayeleta karatasi ofisi ya uhasibu hana sababu ya kudaiwa cheti cha chanjo, ilhali anayeingia chumba cha upasuaji aonyeshe chanjo na uthibitisho wa mafunzo, vikaguliwe mara moja na kutambuliwa na hospitali zote za serikali bila ada. Taarifa hizo za afya zisiandikwe katika daftari la getini linalosomwa na kila apitaye, kwani sheria ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data na faragha inazilinda. Fundi wa dharura asiye na uthibitisho huo aruhusiwe kuingia akisindikizwa na mtumishi wa hospitali, ambaye atatia saini kwamba alikuwa naye hadi alipomaliza.