Sebule Imeninyoosha

Maneno yaliyoniponza ni haya: "Kupaka rangi nako kunataka fundi?" Niliyatamka mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele ya mke wangu na watoto wawili ambao siku hizi ni mashahidi wa upande wa mashtaka. Fundi alikuwa amekuja kuiona sebule. Akaizunguka, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akatega sikio kama daktari, akaguna. Siku 3, akasema. Siku 3 kwa chumba cha mita 4 kwa 3! Nikamwambia tutawasiliana. Nyote mnajua "tutawasiliana" maana yake nini.

Kuchagua rangi kulitaka kuvunja ndoa. Mke wangu alinishikia vikadi viwili machoni: "Ipi?" Mimi naona nyeupe na nyeupe. Kumbe moja ni maziwa na nyingine ni ganda la yai. Nikasema ya kushoto. Akaniangalia. Nikasema ya kulia. Akaniangalia zaidi. Tukanunua ya tatu.

Hesabu niliifanya kwa kalamu, maana mimi si mtu wa kubahatisha. Mzunguko wa chumba mita 14, kimo mita 2.7, toa mlango na madirisha, zinabaki kama mita za mraba 34. Lita 1 hutosha takriban mita za mraba 10. Kwa hiyo lita 4, na zitabaki. Nilijipongeza. Nilichosahau ni kwamba rangi hupigwa mikono miwili, yaani ukuta wote hupakwa mara mbili.

Jumamosi mke wangu akaenda harusini na watoto, tukabaki mimi na ukuta. Kwanza kuhamisha kabati. Nyuma yake nikakuta soksi tatu za watu watatu, na rimoti ya televisheni ambayo mwaka jana tulimshuku nayo mgeni. Mgeni yule hajarudi tena kwetu, na sasa sijui nianzie wapi kumpigia.

Basi, karibu na dirisha kulikuwa na kivimbe kidogo, hakizidi sarafu. Kilikuwa hapo miaka yote, tukiishi naye kwa amani kama mpangaji. Nikakigusa kwa ukucha. Kikaachia kipande cha ukubwa wa kiganja. Nikasema ngoja ninyooshe tu ukingo wake. Kikaachia kipande cha ukubwa wa sahani. Hapo mtu mwenye akili angeacha, lakini mkono ulishanogewa, nikakwangua, nikakwangua, na chini ya rangi yetu nikakuta kijani, chini ya kijani nikakuta waridi (nani hao waliokuwa wanaishi humu?), na chini ya waridi, chokaa. Chokaa ile ya unga, inayobaki kwenye kidole. Rangi iliyopakwa juu ya chokaa ya namna hiyo haishiki ukuta, inashika unga, na unga haushiki chochote. Kufika saa 6 mchana nilikuwa sijapaka hata tone, ukuta umekuwa na ramani ya bara lisilojulikana, na mimi ni mweupe kuanzia nyusi hadi kandambili.

Ndipo akaingia mzee jirani. Mlango uko wazi, kavutiwa na vumbi. Akasimama, mikono nyuma.

"Mwanangu, ulilowanisha kwanza kabla ya kukwangua?"

"Hapana, mzee."

"Ungeniuliza."

Nikaziba mashimo kwa puti, nikapiga msasa, nikapaka andakoti, ile rangi ya kutangulia, sehemu zilizokwanguliwa, kisha nikashika rola. Hapo, nikiri, nilifurahi. Rola ikiwa na rangi ya kutosha hutoa sauti fulani, kama mtu anayetembea kwenye tope kwa raha zake. Nikapiga kuta tatu nikiimba. Kwenye ukuta wa nne kopo likakohoa. Lita 4 zimekwisha, na huo ni mkono wa kwanza.

Nikakimbia dukani, na kwa kuwa ubahili haufi siku moja, nikachukua lita 3 tu. Kopo limeandikwa subiri saa 4 kati ya mkono na mkono. Kwenda na kurudi dukani ni dakika 50, nikaona zinakaribiana. Nikaweka rola ukutani, ikarudi na rangi ya kwanza imeivua ukutani kama ngozi ya nyoka.

"Hukusubiri," akasema mzee. Alikuwa ameshapata kiti.

Na ile rangi ya pili, ndugu zangu! Namba ni ileile, jina ni lilelile, ila kopo hili lilichanganywa siku nyingine na liliamka na hasira zake. Ukuta mmoja ukawa na mpaka katikati, huku maziwa, huku maziwa ya juzi.

"Makopo yote humiminwa kwenye ndoo moja, yakachanganywa kabla hujaanza," akasema mzee. "Na dari je?"

"Dari nitaifanya mwisho."

Hakusema "ungeniuliza". Alitazama juu, akatazama kuta zangu mbichi chini yake, akanipa pole kama ya msiba, akaenda zake.

Jioni nikabandua tepu niliyoweka kwenye fremu ya mlango. Tepu hubanduliwa rangi ikiwa bado mbichi. Yangu ilishakauka, ikaondoka na utepe mrefu wa rangi, mzuri kweli, ningeweza kufungia zawadi.

Rangi ikaisha kabisa ikiwa imebaki sehemu moja, pana kama mlango, palepale kabati linapokaa. Nikalitazama kabati. Kabati likanitazama. Nikalisukuma likarudi mahali pake, likakaa sawasawa kama limepimiwa.

Mke wangu alirudi saa 2 usiku. Akawasha taa, akasimama, akazungusha macho polepole. "Mh, imependeza," akasema. Nikaweka mikono kiunoni. Watoto wakapiga makofi. Akasogea mpaka kwenye kabati, akalipapasa ubavuni.

"Baba watoto, kwa sebule ilivyong'aa hivi, hili kabati si tulihamishie upande wa dirisha?"

Nikamwambia mgongo unaniuma. Hiyo ni wiki ya tano sasa. Bado unaniuma.