Siku Nilipowapoteza Wanakikoba Wanne

Mama ni mweka hazina wa kikoba cha mtaani kwetu, watu 24. Mimi kwa kiherehere changu nikamwandikia programu kwa lugha ya C ili aachane na daftari. Kila mwanachama strakti moja, yaani kifurushi cha data zake: herufi ya jinsia, namba yake, herufi ya hali (H, yaani yu hai), kisha salio lenye desimali. Zote nikazimwaga kwenye faili kwa fwrite, amri ya C ya kuandika faili.

Mambo yalikuwa shwari kwenye kikompyuta changu chakavu cha biti 32, Linux. Siku ya kuvunja kikoba nikaja na mashine mpya ya biti 64. Nikakompaili upya, yaani nikaigeuza programu iwe ya mashine hiyo, nikanakili faili, nikasimama mbele ya akina mama kama waziri wa fedha.

Namba 1, salio 0.00. Huyo ni mama yangu mzazi.

"Endelea, mwanangu," akasema. Sauti hiyo naijua tangu utotoni, huwa inatangulia fimbo.

Namba 72, sifuri. Namba 0, sifuri. Namba 1091470464, sifuri.

"Huyo naye kajiunga lini?"

Mstari wa tano: namba 75, salio 187500.00. Muuza vitumbua, ambaye ni namba 6, akaruka: "Hizo zangu!" Wenzake wakamgeukia. Fedha za wote waliotangulia zimeyeyuka, zake zipo! Orodha ikaishia mstari wa 20. Wanachama wanne hawamo kabisa.

Nikajifanya natafuta chaja, nikapima faili: baiti 480. Data ya mtu mmoja ni baiti 14 tu, ila kompaila (inayoigeuza programu) huacha mapengo katikati ili kila kitu kikae pale prosesa inapopenda. Mashine ya zamani iliridhika salio likianzia kwenye baiti ambayo namba yake inagawanyika kwa 4, strakti ikawa baiti 20. Hii mpya inataka inayogawanyika kwa 8, ikawa 24. Na 480 inagawanyika kote kuwili bila baki, kwa hiyo fread, amri ya kusoma faili, haikulalamika hata kidogo! Ile bilioni ilikuwa nusu ya baiti za salio la namba 4, shilingi 250,000, imesomwa kama namba ya uanachama.

Nikakimbilia nyumbani kuleta kile chakavu. Fedha zikagawiwa magharibi.

Siku hizi naandika kipengele kimoja kimoja, baiti 14 kwa mtu. Namba 4 anaitwa Mama Bilioni mtaa mzima, na mimi vitumbua nauziwa kwa bei ya wageni.